Daluga Juu ya Moshi: Mchezaji Anapogeuka Mwalimu, Sisi Tunaandika Nini?

Mwaka juzi niliandika makala fupi kuhusu kaka mmoja niliyecheza naye mpira chuoni Iringa. Yeye alikuwa namba sita wa timu ya chuo, mwenye mguu wa kushoto ambao watu walikuwa wanaacha chai ya saa kumi ili waje kuuangalia. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba wa kudumu; kazi yangu kubwa ilikuwa kubeba ndoo ya maji na kushangilia. Mwaka wa mwisho wa masomo aliumia goti, na goti halikurudi. Akamaliza ualimu, akapangiwa shule ya sekondari mkoani Mbeya, na mpaka leo anafundisha Jiografia asubuhi na mpira jioni.

Makala ile niliipenda sana. Ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya tuliosoma pamoja, watu wakaweka makopa na makofi. Siku ya tatu kaka akapiga simu. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, habari za watoto, habari za mvua. Halafu akasema: “Nimesoma, mdogo wangu. Umeandika vizuri. Ila umenizika. Mimi bado nipo kazini.”

Nilicheka, naye akacheka, tukaagana. Lakini sentensi ile ilinikaa kooni kama mfupa wa perege. Kwenye ukurasa huu tumezoea kuzichambua kazi za wenzetu bila huruma. Leo nianze na yangu, kisha tuone kama ugonjwa ni wangu peke yangu.

Niliisoma tena makala yangu kwa kalamu mkononi. Ilikuwa na aya 14. Aya 11 zinahusu uchezaji wake: chenga, mabao, siku tuliyowafunga wapinzani wetu huku mvua inanyesha. Aya 2 zinahusu goti. Aya 1, ya mwisho kabisa, inasema sasa “anawanoa vijana” na kwamba “ndoto yake inaendelea kupitia wao”. Sasa fanya hesabu. Kaka alicheza mpira wa maana kwa miaka 6. Amefundisha kwa miaka 17. Miaka 6 nimeipa aya 11, miaka 17 nimeipa aya moja, tena aya yenyewe ina maneno ya kuokota barabarani. “Kuwanoa vijana” kila gazeti linaandika. Vijana si visu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alisema nimemzika. Hivyo ndivyo wasifu wa marehemu unavyosomwa msibani: alizaliwa, alisoma, alifanya makubwa, akaumwa, akatutoka. Nilichobadilisha mimi ni neno la mwisho tu. Badala ya “akatutoka” niliandika “akawa kocha”.

Je, ni mimi peke yangu? Sidhani. Angalia lugha tunayoitumia kila siku kwenye kurasa za michezo na redioni kueleza safari hii ya kutoka uwanjani kwenda kwenye benchi la ufundi. Ina misemo minne mikubwa, na yote mizuri kwa sikio. Mchezaji anatundika daluga. Anarithi mikoba ya kocha aliyeondoka. Matokeo yakiwa mabaya, kibarua chake kinaota nyasi. Mwishowe anafungashiwa virago.

Tuichukue kama mistari ya ushairi, maana ni ushairi. Kutundika daluga ni picha ya msumari ukutani: kiatu kinaning'inia, vumbi linakaa, habari imekwisha. Mkoba, kabla haujawa wa kina dada wa ofisini, ulikuwa wa mganga. Aliyerithi mikoba alirithi dawa, siri na miiko ya mzee wake. Kwa hiyo tunaposema fulani karithi mikoba, tunasema kakabidhiwa nguvu. Akishinda, dawa imemkubali. Akifungwa, dawa imemkataa. Kibarua nacho ni barua ndogo, kile kikaratasi cha mtu wa kutwa cha kuonyesha siku alizofanya kazi. Kikiota nyasi maana yake shamba halina mtu. Na virago ni vitu vya msafiri, vya mtu asiye na kwao hapo.

Msumari, uganga, kazi ya kutwa, safari. Tafuta humo neno linalosema mtu huyu alijifunza kazi. Halipo. Tafuta picha ya mtu anayekosea Jumatatu na kujirekebisha Jumatano. Haipo. Lugha ya kurasa zetu za michezo inajua kumwingiza kocha na inajua kumtoa. Katikati, ambako ndiko kazi yenyewe iliko, imenyamaza.

Mtu ataniambia: gazeti lina haraka, mwandishi ana dakika 20 kabla ya mtambo kuzunguka, mwache. Sawa, tumwache. Twende kwenye vitabu, ambako hakuna haraka.

Kwenye rafu yangu ya riwaya za Kiswahili nimemtafuta mtu aliyevuka kutoka kazi ya mwili kwenda kazi ya kufundisha, sikumwona. Kezilahabi ndiye aliyetufundisha wengi wetu kusoma riwaya kwa uchungu. Lakini tazama anavyowatendea vijana wake. Rosa Mistika, riwaya ya 1971, ina msichana anayepita chuo cha ualimu, Rosa anajiua. Kichwamaji, 1974, ina Kazimoto msomi; Kazimoto anajiua. Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, ina Tumaini, na Tumaini naye haufikii uzee. Silaumu, alikuwa anauliza maswali makubwa, na vifo vile vilikuwa majibu yake. Ila kizazi kizima cha waandishi kilisoma kwake kwamba hadithi ya kijana inaisha kijana anapovunjika. Swali la “je, asipokufa?” halikupata wanafunzi wengi. Uwanja wa fujo tunaujua. Mtu aliyetoka uwanjani akiwa hai, ana miaka 30, ana goti bovu na njaa ya kuwa na maana, huyo hatumjui.

Ajabu ni kwamba mzee wetu wa zamani zaidi alimjua. Shaaban Robert aligawa simulizi ya maisha yake sehemu mbili, na majina yake yanatosha kuwa somo: Maisha Yangu, halafu Baada ya Miaka Hamsini. Kwake yeye “baada ya” ni kitabu kizima. Utubora wake, katika Utubora Mkulima, anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima, na riwaya inamfuata huko huko shambani. Hata alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alimfuata mwanamke aliyeanza na vyungu akaishia kwenye nyimbo. Mila ya kuandika nusu ya pili ya maisha tunayo, basi. Tumeiacha tu iote nyasi, kama kile kibarua.

Sasa turudi Nyanda za Juu Kusini, maana huku kuna hadithi mbili ambazo zingefaa kuandikwa na tumezisimulia kwa kasi mno.

Ya kwanza ni ya Mbeya. Mkoa ule ulikuwa na kumbukumbu moja tamu, ya 1986, Tukuyu Stars, Banyambala, walipotwaa ubingwa wa Bara na kuupeleka Rungwe kwenye migomba na chai. Baada ya hapo watu wa Mbeya walikuwa na Prisons yao, timu ya Magereza, iliyowapa heshima na maumivu kwa zamu. Halafu msimu wa 2013/14 ikaja Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, imepanda Ligi Kuu ndiyo kwanza, na ikamaliza ya tatu. Juu yake walikuwa Azam, mabingwa wasiofungwa mechi hata moja msimu ule, na Yanga. Simba walikuwa chini yake, nafasi ya nne. Kocha alikuwa Juma Mwambusi.

Tulisimulianaje? Tulisimuliana rangi ya zambarau. Tulisimuliana mashabiki waliojaza Sokoine na kuifuata timu mikoani. Neno lililotumika zaidi lilikuwa “maajabu”. Mimi nimekuwa na shida na neno hilo tangu siku ile. Muujiza hauna mazoezi. Ukisema Mbeya City ilikuwa maajabu, umesema Mwambusi hakufanya kazi. Alisimama tu pale mvua ilipoangukia. Kocha mzalendo aliyeiweka timu mpya juu ya Simba lazima alikuwa na majibu ya maswali magumu: vijana wasio na majina unawafanyaje waamini, nani unamweka benchi, baada ya kufungwa unasema nini kwenye basi. Maswali hayo ndiyo riwaya. Sisi tulichukua jezi. Baadaye Mwambusi alikwenda Yanga kuwa msaidizi wa Mholanzi Hans van der Pluijm, na wengi tukaona ni kupanda ngazi, hatukuuliza zaidi. Mtu ametoka kuwa wa kwanza kwenye timu ndogo, amekuwa wa pili kwenye timu kubwa. Mwandishi mzuri angeweza kukaa kwenye sentensi hiyo kurasa 50.

Ya pili ni ya Iringa. Mei 2019, uwanja wa Samora, Lipuli waliifunga Yanga 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Fainali ilichezwa Lindi, Ilulu, tarehe 1 Juni, na Azam wakashinda 1-0 kwa bao la Obrey Chirwa. Kocha wa Lipuli alikuwa Selemani Matola, yule yule kiungo wa Simba ya 2003 iliyowavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti Cairo. Msimu uliofuata, bila Matola, Lipuli walishuka daraja. Kuanzia mwishoni mwa 2019 Matola alifanya kazi kwenye benchi la Simba kama msaidizi chini ya wageni waliokuja na kuondoka: Mbelgiji Sven Vandenbroeck, Mfaransa Didier Gomes, Mhispania Pablo Franco.

Walimu wa fasihi tunapenda kugawa wahusika: mhusika mkuu, mhusika msaidizi, mhusika bapa, mhusika duara. Wanafunzi wanakariri kwa ajili ya mtihani. Basi mchukueni Matola kama zoezi. Alipokuwa mchezaji alikuwa mhusika mkuu, nahodha. Iringa alikuwa mhusika mkuu wa kitabu kidogo, kilichokosa kombe kwa bao moja. Kisha anakuwa msaidizi, na hapo simulizi yetu inamfanya bapa: anatajwa mgeni anapofukuzwa, anaitwa “kaimu”, mgeni mpya anapotua anarudishwa kwenye mabano. Lakini fikiria yeye ameona nini. Wageni wanakuja na mafaili yao, wanaondoka. Yeye anabaki na wachezaji, lugha yao, misiba yao, madeni yao. Kwa kipimo chochote cha fasihi huyo ndiye mwenye macho ya msimulizi. Msaidizi wa kocha ni mhusika duara kuliko wote klabuni, na sisi tunamwandika kwa nusu mstari.

Huko nje wameliona hili. Mwaka 2006 David Peace alitoa riwaya, The Damned Utd, kuhusu Brian Clough na siku zake 44 za kuifundisha Leeds mwaka 1974. Clough alikuwa mfungaji hatari wa Sunderland. Desemba 1962 aliumia goti, na miaka michache baadaye alikuwa meneja kwenye timu ya madaraja ya chini, Hartlepools. Riwaya inapishanisha nyakati mbili, ya kupanda na ya kuporomoka, na goti lile halitoki kwenye sentensi. Unasoma ukiwa ndani ya kichwa cha mtu anayewachukia wachezaji wake kidogo kwa sababu wao bado wanacheza. Nilipoisoma mara ya kwanza nilishtuka: hiyo chuki ndogo hakuna gazeti letu lililowahi kuikiri, na mimi sikuthubutu kumuuliza kaka.

Ila nina mashaka nayo. Peace anaamini kwamba kocha ni mchezaji aliyejeruhiwa, basi. Kila kitu kinarudi kwenye kidonda. Kwa Clough wa riwaya inafaa. Nikiileta Uyole au Mafinga inagoma. Na inagoma kwa sababu ya neno moja.

Wachezaji wetu hawamwiti kocha “kocha”. Sikiliza mahojiano yoyote baada ya mechi: “Mwalimu alituambia tutulie.” “Namshukuru mwalimu kwa kuniamini.” Kocha ni neno la kichwa cha habari, uwanjani ni mwalimu. Neno hili hatukuliokota. Timu nyingi za mashuleni na vyuoni zimeshikwa na walimu wa kweli, wenye chaki kwenye vidole. Nchi hii rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu, na akaendelea kuitwa hivyo alipotoka Ikulu. Mchezaji wa chuo cha ualimu anayegeuka mwalimu wa mpira hajahama kazi, kwa hiyo. Amefika pale alipokuwa anaelekea, kwa njia ambayo hakuichagua. Peace hana neno hili, ndiyo maana kocha wake ana jeraha tu. Sisi tunalo, tukaliacha, tukaandika “anawanoa vijana”.

Baada ya kuyafikiria haya nilipanda basi alfajiri Iringa, nikapita Mafinga na Makambako, nikashuka Mbeya na baridi yake ya Julai. Nilitaka kuona aya ya 14 inafananaje ikiwa hai.

Uwanja wa shule una mteremko. Timu inayoshambulia kwenda chini inaonekana nzuri hata kama si nzuri. Vijana 23, mipira 3, viatu vya kuazimana: anayetoka anavua, anayeingia anavaa. Kaka alisimama pembeni na kaunta buku ya kijani. Nilimsalimia, “Shikamoo kaka,” na kijana mmoja jirani yangu akanirekebisha kwa upole: “Huyu ni mwalimu.” Nimemwita hivyo tangu siku ile.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba haongei. Nilimkumbuka kama mtu wa kelele, anayepanga ukuta wa wenzake kwa mikono. Sasa pasi inakosewa, anaandika. Mara moja tu nilimwona mwili wake ukimsaliti: mpira ulidondoka mita chache mbele yake, kijana akachelewa, na bega la kushoto la mwalimu likashuka, mguu ukajikunja, kila kitu tayari kwa pasi ile ya zamani. Kisha akarudisha mguu chini, taratibu. Nadhani ameshairudisha miguu hiyo mara nyingi. Nilimuuliza baadaye kama inauma. Akasema goti haliumi siku hizi. “Kinachouma ni kuona kitu nusu sekunde kabla yao na kunyamaza. Ukiwaambia, wanasikia. Ukiwaacha, wanaona. Mimi nataka waone.”

Jioni alinipa kaunta buku niisome. Ilikuwa ya tisa. Nyingine 8 ziko kwenye sanduku. Kila zoezi limeandikwa kama andalio la somo, kama tulivyofundishwa chuoni. Mada kuu: kukaba. Mada ndogo: kusimama kabla ya kukaba. Zana: mipira 3, mawe 8. Halafu tathmini. Mwalimu yeyote anajua kishawishi cha kuandika “somo limeeleweka” ili mkaguzi apite. Hizi zake hazina mkaguzi. “Hawajaelewa. Nimeongea sana.” “Wameelewa, ila si nilichofundisha.” “Leo nilikuwa na hasira na nyumbani, nikaimalizia kwao. Kesho niwaombe radhi.” Nimesoma shajara za waandishi wenye majina makubwa zisizo na ukweli wa namna hiyo.

Kwenye buku ya sita kuna ukurasa ambao sikuupata kwenye makala yangu kwa sababu sikuwahi kuuliza. Alikuwa na kijana, mguu wa kushoto, bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Wiki ya kuchagua timu ya wilaya ya UMISSETA, mwalimu aliona kijana anapanda ngazi za darasa kwa kuanza na mguu ule ule kila mara. Akamkagua goti, limevimba. Kijana akaapa haliumi. Mwalimu akamtoa kwenye orodha. Baba wa kijana akaja mpaka ofisi ya walimu, akasema maneno makali mbele ya watu: wewe ulishindwa mpira, unataka na mwanangu ashindwe.

“Ukamjibu nini?” nikauliza.

“Nilikaa kimya. Kwa sababu inawezekana ni kweli.”

Akaniambia kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua chuoni. Goti lake lilianza kuuma wiki tatu kabla ya mechi ile. Mwalimu wetu wa wakati huo alimuuliza mara mbili. “Nilimdanganya, tena vizuri. Yule mzee hana kosa. Nilipanda ngazi mbele yake kwa mguu mbovu makusudi, ili aone nimepona.” Ndiyo maana alijua kutazama ngazi.

Na kijana? Aliacha mazoezi, akamaliza kidato cha nne, anaendesha bodaboda mjini. “Goti lake zima,” mwalimu alisema. “Hanisalimii.”

Hapo ndipo hadithi ilipokuwa, na haimo kwenye aya 14 zangu. Inahitaji msimulizi anayekubali kutojua. Je, mwalimu aliokoa goti au aliua kipaji? Wateuzi walikuja, wakaenda, nafasi haikurudi. Je, aliona uvimbe, au alijiona mwenyewe? Yeye kwenye tathmini ya siku ile aliandika maneno mawili tu: “Sina hakika.” Gazeti haliwezi kuchapisha “sina hakika” kama kichwa cha habari. Msibani huwezi kulisoma. Riwaya inaweza, na hii ndiyo kazi iliyopewa riwaya.

Lazima niseme pia upande wa pili, nisije nikaonekana natengeneza sanamu. Si kila mchezaji mzuri anakuwa mwalimu mzuri, na hadithi ya mwalimu mwenye busara pembeni mwa uwanja wa mteremko inaweza kuwa tamu ya uongo kama hadithi ya muujiza. Kuna wanaofundisha kwa matusi kwa sababu walifundishwa kwa matusi. Kuna wenye kipaji cha kufundisha wanaoshindwa kwa sababu kozi za leseni, kutoka D kwenda C, B mpaka A, zinahitaji nauli, ada na ruhusa ya mwajiri, vitu ambavyo mwalimu wa sekondari hanavyo kwa pamoja. Kaka mwenyewe yuko kwenye ngazi ya chini na huenda akabaki hapo. Mwandishi atakayemwandika asimpandishe ngazi ili kutufurahisha. Asimpe kombe kwenye sura ya mwisho.

Usiku tulikula jikoni, maana ndiko kwenye joto. Mke wake, shemeji yangu mwenye maneno machache, aligeuza ugali huku moshi unapanda. Juu ya moto, kwenye fito, yalikuwa yametundikwa mahindi, magunzi yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Nimekulia huku, nimeyaona maisha yangu yote. Ni mbegu. Unachagua mahindi bora ya msimu, unayatundika juu ya moshi ili wadudu wasiyaguse, na mvua zikianza unayateremsha. Hakuna mtu wa huku anayetundika hindi ili kulistaafisha.

Nikakumbuka msumari wetu na daluga zetu zenye vumbi. Neno ni lile lile, kutundika, ila sisi waandishi tumelichukua kutoka ukutani badala ya jikoni. Nikamwambia mwalimu wazo hilo, nikitegemea alisifie. Akatafuna, akasema, “Ni zuri. Lakini usisahau mengine hayaoti.”

Makala naiandika upya. Safari hii uchezaji wake una aya 3, na namuomba radhi msomaji anayependa mabao. Inaanza na kijana anayepanda ngazi za darasa kwa mguu mmoja na mtu mzima aliyesimama chini anamtazama. Nimeshaandika mara nne na bado sijui niseme nini kuhusu yule baba. Nikikwama nafungua picha niliyopiga ya ukurasa ule wa buku ya sita, naangalia maneno mawili ya mwalimu, narudi mezani.